HAKI YA PUNDA ALIYEZEEKA KATIKA KAZI

Sifa zote njema zinamstahiki Mwenyezi Mungu, aliyewaumba wanyama akawatiisha chini ya mikono yetu. Na rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad, aliyeletwa kuwa rehema kwa walimwengu wote, na jamaa zake na sahaba zake. Ama baada ya haya:

Katika darasa yetu ya hapa Makutano limeletwa suali, nasi tumeona linafaa kujibiwa kwa maandishi, kwani wanaolihitaji jawabu lake ni wengi kuliko huyo aliyeuliza. Muulizaji ni ndugu yetu Muislamu anayechuma riziki yake kwa mkokoteni. Anaye punda aliyemtumikia miaka mingi. Sasa punda huyo amezeeka, magoti yamelegea, na begani ana kidonda kisichopona. Hawezi kuvuta tena. Amemjia mtu akamtaka amuuzie kwa fedha taslimu, na ndugu yetu ajua kuwa mtu huyo hamtaki punda kwa kazi, bali amtaka kwa ngozi yake. Anauliza: Je, fedha hizo ni halali kwangu? Na nisipomuuza nimfanye nini, ilhali majani niliyonayo hayamtoshi hata yule ninayemtegemea leo?

Hili si suali dogo. Ndani yake mna haki ya kiumbe kisichosema, na mna haja ya mtu maskini mwenye watoto. Haifai kuijibu nusu moja tukaiacha nusu ya pili.

Makutano ni pale barabara itokayo Nairobi inapogawanyika. Moja hushika njia ya Sagana na Nyeri, na nyingine hushika njia ya Mwea, Embu na Meru. Apitaye njia hii huona malori na mabasi, akadhani kuwa hayo ndiyo yanayoilisha nchi. Lakini gunia la mpunga kabla ya kupanda lori limetoka shambani, na aghlabu lililolitoa shambani ni mkokoteni wa punda. Maji yaliyopikiwa chai asubuhi, kuni zilizowashwa jikoni, majani ya ng'ombe, mchanga na mawe ya kujengea, vingi katika hivyo vimepita juu ya mgongo wa mnyama huyu au nyuma yake. Hatumtaji ila tunapotaka kumtukana mtu.

Kisha huja siku ambayo hawezi. Punda anayetunzwa vizuri huweza kuishi miaka thalathini na zaidi. Lakini anayepakizwa kupita kiasi, akapigwa juu ya kidonda, akanyweshwa mara moja kwa siku, hufikia uzee wake upesi. Siku hiyo ikifika, baadhi ya watu humfungua kamba usiku wakamwacha kando ya barabara. Wao husema wamempa uhuru. Huo si uhuru, ni kumtupa. Mnyama aliyezoea kuletewa majani na maji husimama njiani akingoja, mpaka agongwe na gari, na huenda akamsababishia dereva na abiria mauti pamoja naye. Na wengine humuuza kwa watu wa ngozi.

Khabari ya ngozi yafaa ielezwe kwa ukamilifu. Ngozi ya punda huchemshwa ikatolewa gundi inayofanywa dawa katika nchi ya China, iitwayo ejiao, na kwa ajili yake punda wa nchi nyingi za Afrika wameandamwa. Katika Kenya, kuanzia mwaka 2016 vilifunguliwa vichinjio vya punda, vikafika vinne: Mogotio, Naivasha, Turkana na Machakos. Hesabu ya watu na mifugo ya mwaka 2009 ilionyesha punda zaidi ya 1,800,000. Hesabu ya mwaka 2019 ilionyesha karibu 1,200,000 tu. Wala si ajabu, kwani punda jike hubeba mimba kiasi cha mwaka mzima, tena huzaa mtoto mmoja. Kisu chaenda mbio kuliko mimba. Wizi nao ukaenea: mtu hulala na punda wake nyuma ya nyumba, akaamka akakuta mzoga uliochunwa kichakani. Wenye punda walipolalamika, Februari 2020 Waziri wa Kilimo, Peter Munya, ambaye kabla yake alikuwa Gavana wa Meru, alitangaza kuvifunga vichinjio hivyo. Mei 2021 Mahakama Kuu ikaibatilisha amri hiyo. Na Februari 2024 wakuu wa nchi za Umoja wa Afrika, walipokutana Addis Ababa, walikubaliana kupiga marufuku kuchinja punda kwa ajili ya ngozi katika bara zima. Ndugu msomaji aone basi kuwa jambo hili limewashughulisha mawaziri, mahakimu na wafalme. Je, msikiti utanyamaza?

Na tuangalie dini yetu yasemaje.

Mwenyezi Mungu katika Sura ya An-Nahl, aya ya 8, amewataja farasi na nyumbu na punda kuwa ni neema aliyotupa ili tuwapande na wawe pambo. Punda ametajwa kwa jina lake katika neema. Na katika Sura ya Al-An'am, aya ya 38, ametujulisha kuwa wanyama wote wa ardhini na ndege warukao ni umma mfano wetu, na kwamba wote watakusanywa kwa Mola wao. Basi anayemdhulumu punda asidhani kuwa amedhulumu kitu kisicho na Mwenyewe.

Baadhi ya watu hushika aya ya Sura ya Luqman inayotaja ubaya wa sauti ya punda, wakaifanya ni ruhusa ya kumdharau. Huko ni kuielewa aya kinyume. Aya hiyo yamfundisha mwanadamu adabu ya kushusha sauti yake. Haimuamrishi kuinua fimbo yake. Mtume wetu (s.a.w.) alimpanda punda, akamchukua Muadh bin Jabal nyuma yake, na Bukhari amepokea mpaka jina la punda huyo, Ufair. Na imepokewa na Muslim kuwa alipomwona punda aliyepigwa chapa ya moto usoni, alimlaani aliyefanya kitendo hicho. Mtume hakuwa mtu wa kulaani ovyo. Fikiri basi ni kitendo gani kilichomfikisha hapo.

Lakini lililo karibu zaidi na suali letu ni khabari ya ngamia wa kuteka maji. Imamu Ahmad amepokea kutoka kwa Ya'la bin Murra kuwa ngamia mmoja alimjia Mtume (s.a.w.) akionyesha majonzi. Mtume akaulizia mwenyewe, akamwambia kuwa mnyama wake anamshitaki: amemtekesha maji mpaka amezeeka, na sasa anataka kumchinja. Yule mtu akakiri, akaapa kuwa hatafanya tena. Zingatia jambo hili, ewe ndugu. Ngamia ni mnyama wa kuliwa, na kumchinja ni halali kwa ijmai ya Waislamu. Hata hivyo Mtume hakupendezwa na ujira huo: kazi mpaka uzee, kisha kisu. Ikiwa haya yamesemwa juu ya ngamia ambaye nyama yake ni halali, itakuwaje juu ya punda wa mjini, ambaye nyama yake imeharamishwa siku ya Khaibar, kama walivyopokea Bukhari na Muslim?

Na mfano wa pili ni wa ngamia wa Mtume mwenyewe, aitwaye Al-Adhba. Ngamia huyu alikuwa wa mbio, hashindwi, mpaka siku moja alipokuja bedui na ngamia wake kijana akampita. Jambo hilo likawaudhi Waislamu. Mtume akawafahamisha kuwa ni desturi ya Mwenyezi Mungu, kila kinachonyanyuka katika dunia hukishusha. Ngamia huyo huyo alipotekwa na maadui pamoja na mwanamke wa Kiansari, mwanamke alimpanda usiku akatoroka, wakamfuata wasimpate. Njiani akaweka nadhiri kuwa Mungu akimwokoa atamchinja. Alipofika Madina Mtume akasikia, akastaajabu kwa malipo mabaya aliyotaka kumlipa mnyama aliyemwokoa, akaeleza kuwa nadhiri ya maasi haitekelezwi, wala nadhiri ya kitu asichokimiliki mtu. Khabari hii imo katika Sahihi Muslim. Basi kumlipa uovu mnyama aliyekutendea wema ni jambo ambalo Mtume alilikemea kwa kinywa chake.

Wanavyuoni nao hawakuliacha jambo hili likielea. Imamu Izzuddin bin Abdussalam, aliyefariki mwaka 660 wa Hijra, alipozihesabu haki za wanyama juu ya mwanadamu, aliitanguliza haki ya kulishwa, akabainisha kuwa haki hiyo haiondoki hata mnyama akilemaa au akiugua kiasi cha kutofaa kwa kazi yoyote. Haya yaliandikwa zaidi ya miaka mia saba iliyopita, kabla ya kuundwa chama chochote cha kuwahurumia wanyama katika Ulaya. Tena katika vitabu vya madhehebu yetu ya Kishafii, kama Fat-hul Muin kinachosomeshwa katika darasa za pwani na bara, imeelezwa wazi kuwa ni haramu kumchinja mnyama asiyeliwa, hata kama mtu akusudia kumpumzisha. Na mfano waliouleta ni wa nani? Ni wa punda aliyelemaa! Utasema walikuwa wamesimama nasi kando ya barabara ya Embu.

Wanavyuoni wa madhehebu mengine wameruhusu kumpumzisha mnyama aliye katika maumivu yasiyo na dawa. Hiyo ni khitilafu inayoheshimika. Lakini hilo si la kuamuliwa na mnunuzi wa ngozi. Na aitwe daktari wa mifugo, na aulizwe mwanachuoni.

Sasa tuwatazame wenzetu wa nchi za mbali, kwani hekima ni kitu kilichompotea muumini, popote akionapo hukiokota. Katika Uingereza, Marekani, Australia na kwengineko uko mchezo wa kuwakimbiza mbwa wembamba wa kiuno na warefu wa miguu, waitwao grehaundi, watu wakawawekea fedha za kamari. Mbwa hawa huishi miaka 10 hadi 14, lakini wengi wao huacha mbio kabla ya kutimiza miaka 5. Zamani aliyeshindwa kukimbia aghlabu aliuliwa, kwani hakuwa tena na faida. Wakatokea watu wakasema: Mnyama huyu ametumika kwa raha zetu, basi yatupasa tumpatie nyumba ya kumalizia umri wake. Uingereza kikaanzishwa mwaka 1975 chama cha kuwatafutia makao mbwa waliostaafu mbio. Makao, mji ulio chini ya China, uwanja wa mbio za mbwa ulipofungwa mwaka 2018 walibaki mbwa zaidi ya 500, na watu wakahangaika kuwatafutia nyumba katika nchi mbalimbali. Watu wa jimbo la Florida, Marekani, walipiga kura mwaka huo huo wa 2018, na mbio hizo zikakoma kwao mwisho wa mwaka 2020.

Huenda mtu akauliza: Mbwa ametuhusu nini, naye ni najisi? Twamjibu: Najisi ina dawa yake, nayo ni maji na udongo, dhulma haioshwi kwa maji. Bukhari na Muslim wamepokea kuwa mtu alishuka kisimani akajaza maji kiatu chake, akamnywesha mbwa mwenye kiu, Mwenyezi Mungu akamsamehe dhambi zake. Na wamepokea kuwa mwanamke aliingia Motoni kwa ajili ya paka aliyemfunga, asimlishe wala asimwache ajitafutie. Kamari ya mbio hizo ni haramu kwetu, hapana shaka. Lakini huruma waliyoionyesha watu hao kwa mbwa aliyechoka ni katika yale tuliyofundishwa sisi kwanza. La kusikitisha ni kuwa mafunzo yako kwetu na matendo yako kwao.

Wala wazee wetu katika Uislamu hawakuwa hivyo. Sheikh Mustafa al-Siba'i wa Sham, aliyefariki mwaka 1964, ameandika kuwa katika mji wa Damascus ilikuwako ardhi ya majani iliyowekwa wakfu kwa ajili ya farasi na wanyama waliozeeka, ambao wenyewe wamekataa kuwalisha kwa kuwa hawana faida tena. Wakachunga hapo mpaka kufa kwao. Tafakari, ewe ndugu: Waislamu walipokuwa Waislamu kweli, hata mnyama aliyezeeka alikuwa na wakfu wake. Na karibu nasi, Lamu, ambako punda ndiye gari la mji na mbio zake ni mashuhuri, iko tangu mwaka 1987 zahanati inayowatibu punda bila ya malipo. Walioianzisha ni watu wa chama cha Kiingereza. Twawashukuru, maana asiyewashukuru watu hamshukuru Mungu. Lakini twauliza: wakfu wetu sisi uko wapi?

Yuko atakayesema: Watu wenyewe wana njaa, nyinyi mwazungumza khabari za punda. Maneno haya yana sura ya haki, lakini si haki. Punda ndiye aliyewaondolea watu hao njaa. Mwanamke asiyekuwa na punda hubeba maji kichwani. Kijana asiyekuwa na punda hana kazi. Na watu wa ngozi walipowamaliza punda, waliolia walikuwa ni maskini, si matajiri. Kumtunza punda ni kumtunza maskini anayemtegemea. Tena huruma si chakula kinachopungua kwa kugawanywa. Mtu aliyezoea kumpiga asiyeweza kusema, kesho humpiga mtoto na mke.

Ama jawabu la ndugu yetu muulizaji ni hili. Kumuuza punda huyo kwa mtu unayejua kwa yakini kuwa atamchinja kwa ngozi yake haifai, kwa sababu ni kusaidia jambo la haramu. Na huenda nyama yake ikauzwa kwa hila kama nyama ya ng'ombe, ukawalisha Waislamu wenzako haramu bila ya wao kujua. Fedha hizo zikwepe, na Mwenyezi Mungu atakupa badala yake. Wala kumfungua usiku ukamwacha barabarani haifai. Hilo ni kumuua polepole, na kumhatarisha mpita njia. Kumpa mtu atakayemchunga, bure au kwa bei ndogo, inafaa, nako ni wema.

Na ukiwa huna cha kumlisha, wala hukumpata wa kumchukua? Hapa ndipo wanavyuoni wa Kishafii walipotamka neno ambalo twataka kila msomaji alisikie. Wamesema kuwa mwenye mnyama akishindwa kabisa, gharama ya mnyama huwa juu ya Baitul Mali; na ikiwa hapana Baitul Mali, huwa juu ya Waislamu wenye uwezo. Basi deni hili, ndugu zetu, halikubaki kwa mwenye mkokoteni peke yake. Mwenye duka aliyeletewa bidhaa mlangoni, mwenye nyumba aliyejengewa kwa mchanga ule, na mla pilau ya mchele wa Mwea, wote wameshiriki katika kazi ya punda yule. Tulioshiriki katika faida yatupasa tushiriki katika gharama. Anachopewa punda mzee ni ujira wake uliocheleweshwa, na anayempa asijihesabu kuwa ametoa sadaka.

Kwa hiyo darasa yetu yapendekeza mambo manne, yote yakiwa katika uwezo wetu.

Kwanza, makhatibu walitaje jambo hili katika khutba za Ijumaa, wakawafahamisha watu hukumu yake, na pia wakawakumbusha kuwa sheria ya Kenya ya kuzuia ukatili kwa wanyama, Sura ya 360, inamtia makosani anayemtesa mnyama, anayemtumikisha kupita kiasi, na anayempakiza mzigo usiochukulika.

Pili, kila mwenye mkokoteni aweke akiba kidogo katika pato la kila siku kwa ajili ya dawa na uzee wa mnyama wake, kama anavyoweka ya gurudumu. Gurudumu halihisi maumivu, nalo twalifikiria!

Tatu, mwenye ardhi isiyolimwa, ijapokuwa ndogo, aiweke wakfu iwe machungio ya wanyama waliozeeka, na msikiti usimamie. Wenye mashamba ya mpunga wana majani makavu mengi baada ya mavuno. Badala ya kuyachoma moto, watoe fungu.

Nne, vijana wa darasa wapokezane zamu ya kuwatazama wanyama hao, kuwapa maji na kumwita daktari wa mifugo inapohitajika. Kijana anayejifunza kumhudumia asiyeweza kumlipa amejifunza ikhlasi, jambo ambalo halisomwi kitabuni tu.

Nasi twamwambia ndugu yetu muulizaji: Usione haya kuja msikitini na punda wako mzee. Mfunge nje penye kivuli, kisha uingie uswali, na baada ya sala utusemeshe. Tutatafuta majani pamoja.

Ewe Mola wetu, tujaalie katika wenye kuwahurumia walio ardhini, ili uturehemu Wewe uliye juu. Usitufanye katika wanaokula nguvu za kiumbe chako kisha wakamtupa. Na sisi tutakapozeeka, na magoti yetu yakalegea, utujaalie wa kututazama kwa jicho la huruma. Amin.

Wabillahi tawfiq.